Dhana na Yakini Mbele ya Chombo Kisichowaka

Katika fukwe za Diani, Bamburi na Nungwi si ajabu kuona pikipiki ya maji imevutwa mchangani, kiti chake kimeinuliwa, na watu watatu au wanne wameinama juu ya tumbo lake. Kitufe kimebonyezwa mara kumi na chombo kimenyamaza. Mtu wa kwanza asema kuwa betri imekufa. Wa pili asema kuwa stata imeungua. Wa tatu, ambaye hana chombo wala hajapata kuwa nacho, aapa kwamba ubaya umo katika relei. Kila mmoja anena kwa sauti ya shahidi aliyeona kwa macho. Kwa kweli hapana aliyeona kitu. Umeme hauonekani, na kilicho mbele yao ni kimya tu, ambacho kila mmoja amekijaza maneno yake.

Kikundi hiki kidogo chastahili kutazamwa kwa makini, maana ndani yake limo swali kubwa kuliko chombo chenyewe. Ni lini mtu hupata haki ya kusema kuwa aijua sababu ya jambo? Na akisema kabla ya kuipata haki hiyo, je, amekosea hesabu tu, kosa ambalo husamehewa mara lisahihishwapo, au amewadhulumu watu? Lugha ya Kiswahili ina maneno matatu yafaayo kupimia jambo hili: shaka, dhana na yakini. Shaka ni mizani isiyoelemea upande wowote. Dhana ni mizani iliyoelemea upande mmoja bila kutua. Yakini ni mizani iliyotua. Ugomvi wa pale ufukoni ni ugomvi wa watu wenye dhana waliojivika joho la yakini.

Pikipiki ya maji si chombo cha kale. Mmarekani Clayton Jacobson, mshindani wa mbio za pikipiki za nchi kavu, alianza kuibuni katika miaka ya 1960; kampuni ya Bombardier ya Kanada ilitoa Sea-Doo yake ya kwanza mwaka 1968, na Kawasaki ya Japani ikaleta Jet Ski mwanzoni mwa miaka ya 1970. Injini yake haizungushi rafadha iliyo wazi majini. Huzungusha pampu iliyofichwa, ambayo huvuta maji kwa chini na kuyatupa nyuma kwa nguvu, na msukumo huo ndio mwendo wake. Jahazi likikataa kwenda, sababu aghalabu huonekana: upepo umekufa, tanga limechanika, au foromali imevunjika. Nahodha hana haja ya falsafa. Injini ilileta sababu zilizofichika, na umeme ukazificha zaidi. Kwa hiyo mtu wa pwani, ambaye babu zake waliisoma bahari kwa macho, sasa hana budi kukisoma kisichoonekana kwa dalili zake.

Na dalili zipo. Mtu abonyezapo kitufe, mkondo mdogo wa umeme hutoka katika betri ya volti 12, hupita katika fyuzi, katika swichi ya kamba ya usalama na katika kitufe chenyewe, ukaenda kuiamsha relei. Katika vyombo vya siku hizi amri hiyo hupita kwanza katika kompyuta ndogo ya chombo. Relei ni kama bawabu: kwa amri ndogo hufungua lango kubwa, na mkondo wa nguvu, pengine wa ampea mia, hutoka katika betri ukaenda moja kwa moja kwenye stata, na stata huizungusha injini. Kila hatua katika safari hii huacha alama yake. Kimya kitupu, bila hata mlio mdogo, huashiria kwamba amri haikumfikia bawabu, au kwamba betri haina kitu kabisa. Mlio mmoja mkavu husema kwamba bawabu amesikia na lango limesukumwa, lakini stata haikuzunguka. Milio mingi ya haraka, kama meno ya mtu mwenye baridi, aghalabu ni ya betri iliyochoka au kiungo kilicholegea: lango hufunguka, nguvu huanguka, lango hufunga, nguvu hurudi kidogo, na mambo huanza upya.

Hizo ni dalili, na dalili hupunguza njia bila kuzimaliza. Dalili ya mvua ni mawingu, kama wasemavyo watu. Lakini mawingu hayasemi mvua itanyesha katika shamba la nani. Chukua ule mlio mmoja mkavu. Yamkini betri ni dhaifu, yamkini kichwa cha betri kimekula kutu, yamkini relei imeungua ndani, yamkini stata imekwama. Na yamkini vilevile kwamba umeme hauna kosa lolote: chombo kilipinduka jana, maji yakaingia katika silinda, na pistoni haiwezi kupanda kwa sababu maji hayakubali kubanwa. Aliyekwisha kuhukumu kuwa betri ni dhaifu ataleta betri ya gari, aunge nyaya nene, abonyeze kitufe kwa nguvu mpya. Na fimbo ya pistoni ikapinda. Asubuhi palikuwa na chombo chenye maji, ambayo yangalitoka kwa kufungua plagi na kuizungusha injini kidogo. Jioni pana chombo kilichovunjika. Aliyekivunja si umeme wala maji. Ni neno lililosemwa kabla ya wakati wake.

Kuna njia ya kutengeneza ambayo imeenea mno katika karakana nyingi, si za pwani hii peke yake, nayo ni kubadili kifaa baada ya kifaa mpaka chombo kiwake. Betri mpya hununuliwa, kimya. Relei mpya hununuliwa, kimya. Stata mpya hununuliwa, ya zamani hufunguliwa, mpya hufungwa, kitufe hubonyezwa, na injini hunguruma. Watu hupiga makofi. Fundi hutangaza kuwa kosa lilikuwa katika stata. Lakini alipoifungua stata aliufungua pia waya mnene wa hasi ulioshikwa na bolti ya injini. Aliusugua kwa mkono bila kufikiri, akaufunga tena kwa nguvu kuliko ulivyokuwa. Basi ni kipi kilichoponya? Huenda stata ya kale, iliyotupwa katika pipa la taka, ni nzima kama mpya. Fundi hajui, na zaidi ya hayo hajui kuwa hajui, kwa sababu mafanikio yamemziba macho.

Wako watakaosema kuwa huku ni kutafuta makosa pasipo makosa. Mwenye chombo alitaka kiwake, nacho kimewaka. Ya nini kumsumbua fundi kwa habari za yakini? Hoja hii ina nguvu yake, wala haifai kudharauliwa na watu ambao hawajapata kusubiriwa na mteja juani. Hata hivyo yasahau mambo mawili. La kwanza ni fedha: mwenye chombo amelipa bei ya vifaa vitatu ili apate faida ya kimoja, au pengine ya kusuguliwa kwa bolti moja. Aliuziwa dhana tatu kwa bei ya yakini, na katika soko lolote la haki kuuza kitu kwa jina la kingine ni udanganyifu, hata kama muuzaji naye amedanganyika. La pili ni kesho. Mgonjwa aliyenyweshwa dawa saba akapona hajui ni ipi iliyomponya, na siku augulapo tena itambidi azinywe zote saba.

Adui wa yakini katika kazi hii si uvivu peke yake. Wako mafundi wenye bidii, wenye mita ya umeme mkononi, ambao hupima na bado hudanganyika, na habari yao yafundisha zaidi kuliko ya wavivu. Fundi wa namna hii huweka ncha za mita juu ya vichwa vya betri, mita ikasoma volti 12.6, ambayo ni hesabu ya betri iliyojaa. Huzipeleka ncha hizo mwisho wa waya, karibu na stata, akasoma hesabu ile ile. Kisha husema kwa moyo mkunjufu kuwa betri ni nzima na waya ni mzima. Amesema zaidi ya alichopima. Chumvi ya bahari hupenya chini ya ngozi ya plastiki, ikaila shaba na kuigeuza unga wa kijani, na kwa nje waya waonekana kama umetoka dukani jana. Waya uliokuwa na nyuzi nyingi huweza kubakiwa na uzi mmoja tu. Na kwa uzi huo mmoja mita husoma volti zote, kwa sababu mita yenyewe hutaka mkondo mdogo mno, na uzi mmoja watosha kuubeba.

Sababu ya jambo hili ilielezwa na Mjerumani Georg Simon Ohm mwaka 1827: nguvu ipoteayo njiani ni ukinzani wa njia mara wingi wa mkondo. Ikiwa kiungo chenye kutu kina ukinzani wa omu 0.05, ambao ni mdogo hata mita ya kawaida haiupimi sawasawa, na stata yataka ampea 100, basi volti 5 hupotea pale pale na kugeuka joto. Stata hubakiwa na volti saba na kitu, nayo hukataa. Lakini ampea zikiwa karibu na sifuri, kama zilivyo wakati wa kupima bila kubonyeza kitufe, kilichopotea nacho ni karibu na sifuri, na kiungo kibovu huonekana safi kama dhahabu. Ubovu huo hauna namna ya kuonekana ila chini ya mzigo. Wahenga waliosema kuwa akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki walikuwa wakipima kwa kipimo hicho hicho, ingawa hawakuwa na mita.

Kwa hiyo fundi mwenye akili hupima wakati kitufe kimebonyezwa. Huinua kiti kwanza na kuacha hewa ipite, maana mvuke wa petroli uliokaa ndani ya chombo hungoja cheche moja tu. Hutazama betri yenyewe: ikiwa chini ya mzigo yaanguka chini sana ya volti 10, ubaya ni wake. Ikiwa yasimama imara, huweka ncha moja ya mita mwanzo wa waya mmoja na ya pili mwisho wa waya huo huo, akabonyeza tena. Waya mzuri huonyesha sehemu ndogo tu ya volti moja. Akisoma volti mbili au tatu, amemkamata mwizi na mali mkononi. Hata hapo hajamaliza: hukifungua kiungo, hukisafisha, hukifunga, hupima tena, na hesabu ikianguka, na injini ikazunguka, mizani imetua. Sasa aweza kusema, na neno lake lina thamani ya ujira.

Itaulizwa kama mtu aweza kufanya kazi pasipo dhana kabisa. Hawezi, wala hatakiwi. Aliyeanza kupima waya wa hasi kabla ya mwingine alianza hapo kwa sababu alidhani. Na dhana ya mtu aliyefungua vyombo mia ni bora kuliko ya mpita njia. Dhana si kosa. Ni mtumishi mwema akiulizwa swali moja: ni kipimo gani kitakachokukanusha? Dhana iwezayo kulijibu swali hilo humwongoza mtu. Isiyoweza hudai kuaminiwa tu.

Jambo hili lilipata kuandikwa kwa ukali na Mwingereza William Clifford, mtaalamu wa hesabu, katika makala yake ya mwaka 1877 juu ya maadili ya kuamini. Alitoa mfano wa mwenye meli aliyekuwa karibu kuipeleka baharini meli kuukuu yenye abiria wahamao nchi yao. Shaka zilimjia, lakini matengenezo yalikuwa ghali, naye akazizima shaka hizo moja baada ya moja, akajiambia kuwa meli imekwisha kwenda safari nyingi na kurudi, hata akaamini kwa moyo wote kuwa ni salama. Meli ikazama, naye akapokea fedha za bima. Clifford alimhukumu kuwa na hatia ya vifo vile, ingawa imani yake ilikuwa ya kweli moyoni, kwa kuwa hakuwa na haki ya kuamini hivyo kwa ushahidi aliokuwa nao. Kisha akaenda mbele zaidi: hata kama meli ingalifika salama, hatia ingalikuwa ile ile, tofauti ni kwamba isingalijulikana.

Mmarekani William James alimjibu mwaka 1896. Alisema kuwa yako mambo ambayo mtu hulazimika kuyaamua kabla ushahidi haujatimia, na kungoja kwenyewe ni uamuzi. James ana haki katika mambo ya moyo, na ana haki pia mahali pamoja baharini: chombo kikizimika nje ya mwamba, upepo ukikisukuma kilindini na jua likizama, hapana atakayemlaumu mpandaji akijaribu lolote alidhanilo. Lakini chombo kilichovutwa mchangani kinangoja. Betri inangoja. Kisichongoja ni haraka ya mtu mwenyewe, na haraka ya mtu haikutajwa na James kuwa ushahidi.

Yote yaliyosemwa hadi hapa yahusu fedha na vyuma, na huenda msomaji akaona kuwa maadili yameitwa mahali padogo. Basi na itazamwe ile kamba ya usalama. Ni kamba fupi. Ncha moja hufungwa katika kifundo cha mkono wa mpandaji au katika jaketi lake la kuokolea maisha, na ncha ya pili huingia katika swichi karibu na kitufe. Mpandaji akianguka, kamba huchomoka na injini huzimika, nacho chombo humngoja. Pasipo kamba mahali pake, chombo hakiwaki. Katika aina nyingi za Sea-Doo mna hata alama ya siri ndani ya kichwa cha kamba, na chombo kiitambuapo hujibu kwa milio miwili mifupi, kisipoitambua, hukataa. Hapa kimya si ugonjwa. Ni utii: chombo kimeamriwa kisiende bila kamba, nacho kimekaa. Aliyezoea kuona kila kimya kuwa ubovu hatauliza kwanza kama chombo kina sababu ya kunyamaza.

Lakini swichi hiyo nayo huliwa na chumvi, na hapo ndipo jaribu la kweli lilipo. Ni Jumamosi, wateja wamesimama kando ya maji. Fundi amepima kama ipasavyo na amepata yakini: amri ya kitufe yafika katika swichi ya kamba na haitoki upande wa pili. Huchukua kipande cha waya, akaunganisha upande na upande, na injini ikanguruma. Kwa sekunde chache mchangani, chombo kikiwa hakina maji ya kupoza injini, tendo hilo ni jema kabisa: ni swali lililoulizwa vizuri na kujibiwa. Waya ule ule ukiachwa mahali pake na kiti kikafungwa juu yake, umekuwa uongo. Mgeni atakayekodi chombo ataifunga kamba mkononi kama alivyofundishwa, ataichomeka katika swichi, na ataamini. Akianguka, kamba itachomoka na injini itaendelea. Naye atabaki majini, akitazama chombo kisicho na mtu kikielekea kule waogeleako watoto.

Fundi huyu hakukosa maarifa. Alijua sababu kuliko wote waliokuwapo ufukoni, na yakini yake ilikuwa timamu. Alichofanya ni kuitumia yakini hiyo kumwondolea mwingine yakini yake, bila kumwambia. Huenda msimu wote ukapita asianguke mtu, na waya ule ukasahauliwa. Hukumu ya Clifford haibadiliki kwa hilo. Na liko dhara la pili, lisilosemwa sana, linalompata fundi ajaye. Yeye atakuta chombo ambacho dalili zake haziaminiki tena: kinawaka pasipo kamba, na kimya chake hakina maana kilichokuwa nayo. Aliyeacha waya ule ameghushi kitabu ambacho wenzake hawana budi kukisoma.

Si haki kumtwika fundi mzigo wote. Mwenye chombo ana fungu lake, na pengine ni kubwa. Yeye ndiye amlipaye mwenye sauti kubwa na kumwacha asemaye kuwa bado hajui. Yeye huona saa ya kupima kuwa ni saa ya kukaa bure, na saa ya kufungua bolti kuwa ni kazi. Mafundi hujifunza upesi kile kinacholipwa. Neno la kusema kuwa sijui bado ni gumu kinywani mwa mtu ambaye chakula cha nyumbani kwake chategemea kuonekana kuwa ajua, na ni rahisi mno kulihubiri kwa mtu mwenye mshahara wa mwezi. Laiti wenye vyombo wangalilipia kipimo kama walipiavyo kifaa, mafundi wasema kweli wasingalikuwa wachache.

Hata hivyo wapo, na dalili yao ni ndogo. Fundi wa namna hiyo akiisha kuuliza swali lake kwa kipande cha waya, humwita mwenye chombo aje aione swichi iliyooza, humwambia bei ya mpya na siku itakapofika, kisha huuchomoa ule waya mbele yake. Chombo hurudi katika kimya chake. Mwenye chombo hukasirika kidogo, hutazama foleni ya wateja, na kuwaambia kwamba leo vitakwenda vyombo vitatu, si vinne.